Densi ya mdogo wangu na gharama ambayo Mama hakuiandika daftarini

VIATU vyenyewe havikuwa na soli ya maana. Vilitoka ndani ya bale la viatu vya watoto pale Gikomba, rangi ya waridi iliyofifia, vyepesi kama soksi, na kila mteja aliyevishika alivirudisha akiuliza kama ni vya wagonjwa. Mama alikaa navyo kibandani wiki mbili. Mwishowe alivileta nyumbani Umoja na kumrushia mdogo wangu. “Jaribu hizi. Zikikukataa nitapangusia vumbi.”

Vilimtosha. Wakati huo alikuwa na miaka 12. Sasa ana 16, yuko Kidato cha Tatu, na viatu hivyo vimeninginia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba tunacholala, vidole vikiwa vimetoboka.

Mimi ni kifungua mimba, yeye kitinda mimba. Kati yetu kuna ndugu wawili wa kiume ambao hawataki kusikia habari za densi, kwa hivyo kazi ya kumsindikiza iliniangukia. Kwa miaka minne nimebeba chupa za maji na pini za nywele, nikakaa kwenye ngazi za kumbi nyingi za jiji hili nikisubiri mlango ufunguliwe. Nimewaona wazazi wa kila aina. Lakini huyu wetu ndiye ninayemjua vizuri, na ndiye ninayetaka kumzungumzia.

Mtoto alianzia kwenye tamasha za drama, akiwa shule ya msingi. Walimu wake walikuwa wakiandaa densi bunifu, ile ambayo watoto husimulia kisa kwa mwili, naye akawekwa mstari wa mbele. Hawakuvuka ngazi ya kaunti. Baadaye akasikia kuna mwalimu wa kujitolea anayefundisha baleti kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kijamii karibu na kwetu, bila malipo, spika moja ndogo na sakafu ya saruji. Akaenda na viatu vyake vya Gikomba.

Baleti mtaani si kioja tena. Kibera kumekuwa na madarasa kwa miaka mingi. Picha alizopiga Msweden Fredrik Lerneryd za watoto wakifanya mazoezi darasani zilishinda tuzo katika Sony World Photography Awards mwaka 2018. Joel Kioko naye alilelewa Kuwinda, mtaa wa mabanda ulio jirani na Karen, akaishia kusomea densi katika shule ya English National Ballet jijini London. Mdogo wangu alimwonyesha Mama video ya Kioko kwenye simu yangu. Mama aliitazama hadi mwisho bila kupepesa, kisha akauliza swali moja.

“Huyu, nani alikuwa anamlipia fare?”

Hakuwa anafanya mzaha. Mwalimu wa Jumamosi alikuwa amekuja nyumbani wiki hiyo, akanywa chai, akasema amemfikisha mtoto alipoweza na sasa anahitaji studio. Studio ilikuwa upande wa pili wa jiji. Sh6,000 kwa mwezi, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi kila Jumamosi, mavazi ya kubana ya mazoezi, na baada ya mwaka mmoja viatu vya kusimamia ncha za vidole ambavyo bei yake ilizidi Sh10,000. Viatu hivyo havidumu. Ile ncha ngumu hulainika, na ikishalainika, mguu hauna tegemeo tena.

Na rangi, usisahau rangi. Vilivyopatikana vilikuwa vya waridi, yaani rangi iliyokusudiwa kufanana na ngozi ya Mzungu ili mguu uonekane mrefu usiokatika. Kiwanda cha Freed cha London kilianza kuvitengeneza vya rangi ya kahawia mwaka 2018 kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black. Kabla ya hapo wachezaji weusi walikuwa wakivipaka poda ya uso. Mama alipoelezwa haya alichemsha sufuria ya chai ya rangi, majani mengi, akachovya kitambaa na kukipitisha kwenye viatu na riboni mara tatu. Vilitoka kahawia safi. Wasichana wa studio walidhani vimeagizwa ng’ambo.

Kwa hivyo tafadhali usinielewe vibaya nikianza kuzungumzia daftari.

Mama ana daftari la kurasa 96 ambalo hukaa juu ya friji. Kila shilingi inayotoka huandikwa humo: unga, tokeni za stima, kodi ya kibanda, chama. Densi ilipoingia ilipewa ukurasa wake, kichwa kikapigwa mstari kwa biro nyekundu. Ijumaa usiku, baada ya chakula, hesabu husomwa kwa sauti. Mimi nilisomewa karo yangu ya chuo hivyo hivyo na sikufa. Ndugu zangu husomewa hadi bei ya kunyoa. Kwa Mama huo si uchoyo. Ni njia yake ya kutuambia kwamba pesa haziokotwi.

Mjomba akawa anachangia. “Dada, yaani unalipa mtoto aende kucheza? Kucheza si ni bure?” Baba, ambaye ni dereva wa lori na hushinda kati ya Mombasa na Malaba, hakupinga wala hakuunga mkono. Alikuja mara moja kwenye onyesho la likizo ya Agosti, mdogo wangu akiwa mmoja wa wasichana 12 wa nyuma. Baada ya dakika 20 alininong’oneza, “Sasa hawa wataongea saa ngapi?” Lakini pazia lilipofungwa alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi, na alipiga mpaka mwanamke wa mbele yetu akageuka.

Shuleni mambo yalikuwa magumu zaidi. Wanafunzi walioingia Gredi ya 10 mwaka huu wanaweza kuchagua Muziki na Densi kama somo katika mkondo wa Sanaa na Michezo. Mdogo wangu ni wa kundi la mwisho la 8-4-4. Kwake densi ni kitu cha baada ya kengele, na mwalimu wa darasa aliwahi kuandika kwenye ripoti kwamba “anapoteza nguvu nje ya masomo.” Mama aliisoma ripoti hiyo, akaikunja, akasema gredi ya hesabu isiposhuka chini ya C+ yeye hana neno. Haijashuka.

Kama hujawahi kufika kwenye odisheni ya densi, hebu nikuchoree. Mnafika saa moja asubuhi ingawa mmeambiwa saa tatu. Wasichana 40 hivi wako koridoni, nywele zimevutwa nyuma hadi nyusi zimepanda. Kila mmoja anapewa karatasi yenye nambari na kuibana kifuani kwa pini. Kuanzia hapo hana jina. Wanaingia, mlango unafungwa, na sisi wasindikizaji tunabaki na thamosi zetu tukisikiliza piano kupitia ukutani.

Ndani, kwa jinsi anavyonisimulia, wanaanza kwa kushikilia ufito, mazoezi ya pole ambayo majaji hutazama miguu na mgongo. Kisha katikati ya ukumbi, kisha kuruka. Halafu wanafundishwa kipande kipya cha densi, mara mbili au tatu tu, na kukicheza wakiwa wannewanne. Hapo ndipo wengi huanguka. Si kwa sababu hawajui kucheza ila kwa sababu kichwa kimeganda. Mwishoni nambari zinasomwa. Ikisomwa yako, unabaki. Isiposomwa, unaambiwa asante.

Mara ya kwanza alikuwa nambari 27. Zilisomwa 24, 25, 31.

Ndani ya matatu hakulia. Alitazama nje ya dirisha kutoka mjini hadi Donholm. Mama akapiga simu, nikamweleza. Upande ule kukawa na kimya, nikasikia kelele za Gikomba nyuma yake, mtu akinadi suruali. Kisha Mama akasema, “Na ile pesa yote.” Baada ya sekunde chache akaongeza, “Sawa, kujeni mkule.”

Simu ilikuwa kwa spika. Mdogo wangu alisikia sentensi zote mbili, lakini aliyobaki nayo ni ile ya kwanza.

Alienda odisheni nne katika mwaka mmoja na nusu. Aliitwa kwenye moja, lile onyesho la Agosti. Ya tano haikufika kuwa odisheni. Ilikuwa bango kwenye WhatsApp: wanatafutwa wasichana wa kucheza kwenye video ya msanii, miaka 15 hadi 22, Sh1,500 za fomu, mje mmevaa kaptura fupi, saa kumi na mbili jioni, kwenye nyumba fulani ya ghorofa. Hata mimi niliingia boksi. Nilishaanza kutafuta kaptura.

Mama aliuliza maswali yake akiwa anamenya viazi. Nani mwenye kazi hii na ofisi yake iko wapi mchana? Mbona anayetafuta mfanyakazi ndiye anayelipwa? Dada yake anaweza kukaa ndani ya chumba hicho? Nilipiga nambari iliyokuwa kwenye bango. Jamaa alijibu vizuri hadi nilipofika kwa swali la tatu, akasema wasindikizaji “wanaharibu vaibu.” Mama alinyoosha mkono, akachukua simu, akaikata mwenyewe.

Nakiri sijaona ushauri wa usalama wa odisheni unaozidi huo. Mtoto wa chini ya miaka 18 haendi peke yake, halipii nafasi ya kupimwa na mtu asiyejulikana, na mlango usiomruhusu ndugu kusubiri hata kwenye koridoni si mlango wa kazi.

Kisha ikaja Novemba mwaka jana. Kulikuwa na odisheni Januari ya nafasi ya mafunzo, karo yote imelipwa, mwaka mzima. Mwalimu wa studio alisema ana nafasi nzuri. Mdogo wangu akaanza kupanda juu ya paa la ploti kila jioni, saa mbili nzima, akiruka kati ya kamba za kuanikia nguo. Majirani walimzoea. Watoto wa ghorofa ya tatu walikuwa wakimhesabia: moja, mbili, tatu, hadi mia.

Usiku mmoja, kama saa nane, niliamka kwenda kunywa maji nikamkuta jikoni gizani. Amekaa sakafuni, mguu wa kushoto umenyooka, pakiti ya maziwa iliyoganda imewekwa juu ya muundi.

“Ni kuchoka tu,” akasema. “Usimwambie Mama.”

Nilinyamaza siku nne. Hilo ni langu, sitamsukumia mtu mwingine.

Siku ya tano alishindwa kushuka ngazi. Mama aliacha kibanda, wakaenda hospitali ya umma, nami nikawafuata. Eksirei haikuonyesha chochote. Mhudumu wa fiziotherapi hakushangaa; alisema ufa mwembamba wa mfupa unaotokana na kurudiarudia kuruka mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki za mwanzo. Alibonyeza muundi kwa kidole kimoja, pole pole kuelekea chini, hadi sehemu moja ndogo kama shilingi ambapo mtoto aliruka kitandani. Maumivu yaliyotapakaa mguu mzima, akatueleza, mara nyingi ni ya misuli. Yale yaliyojikusanya mahali pamoja, na yanayokuamsha usiku, si ya kungoja.

Akauliza anacheza juu ya nini. Saruji. Akauliza mazoezi yaliongezeka kwa kasi gani. Maradufu ndani ya wiki tatu. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: hedhi yake inakuja kila mwezi?

Ilikuwa haijaja tangu Septemba. Mama hakujua. Mimi ninayelala naye chumba kimoja sikujua.

Msichana anayefanya mazoezi mazito na kula kidogo, mhudumu akasema, mwili hubana matumizi. Huanza kwa kusimamisha hedhi, na mifupa nayo hukonda. “Unakula lunchi shuleni?”

Kimya.

Iligeuka kwamba tangu muhula wa tatu uanze alikuwa hali chakula cha mchana. Pesa hizo aliziweka kwenye kopo la Milo ndani ya mkoba wake. Alikuwa na Sh2,340. Alitaka jozi inayofuata ya viatu ainunue yeye, kimya kimya, isije ikaandikwa.

“Kwa nini hukuniambia mguu unauma?” Mama alimuuliza tukiwa kwenye benchi la nje, tukisubiri dawa.

“Ungeandika.”

Ni neno moja tu. Mama hakujibu. Alimfungia mtoto kamba za raba, zote mbili, ingawa ni mguu mmoja ulioumia, akainuka kwenda dirishani kulipia.

Wiki nane za kupumzika. Odisheni ya Januari ilipita tukiwa nyumbani tunatazama televisheni.

Ningependa kuwaambia kwamba Mama alilichoma daftari lile. Hakulichoma, na angelichoma tungelala njaa. Alichofanya ni kuliteremsha kutoka juu ya friji Jumapili moja, akamkalisha mdogo wangu mezani, akamfungulia ukurasa baada ya ukurasa. Si ule wa densi pekee. Zote. Na hapo ndipo tuligundua mtoto alikuwa ameelewa nini miaka hiyo yote. Aliamini mkopo wa chama ulichukuliwa kwa sababu yake. Ulikuwa wa kuongeza kibanda. Aliamini ndugu yetu aliacha kozi ya ufundi kwa sababu yake. Jamaa aliacha kwa sababu ya uvivu, na alikiri mwenyewe akiwa mlangoni. Densi ilikuwa inakula pesa, ndiyo, lakini si kiasi cha kulaza watu njaa. Alikuwa akisikia nusu ya hesabu kila Ijumaa, na nusu aliyoijaza mwenyewe ilikuwa mbaya kuliko ukweli.

Mama pia alisema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akisema. “Mimi nikisema ‘pesa yote’, nilikuwa najiongelesha. Sikuwa naongea na wewe.”

“Lakini mimi ndio nilisikia,” mdogo wangu akajibu.

Siku hizi hesabu ya Ijumaa haisomwi kwa sauti. Anayetaka kujua anaenda kulisoma mwenyewe. Na swali la Mama kwenye simu limebadilika. Kabla ya kuuliza kama amechukuliwa, anauliza amekula nini. Wakati mwingine inaudhi. Mtu yuko koridoni na nambari kifuani, anaulizwa kama ndengu zilikuwa na chapati.

Fundi wa mbao wa pale Mutindwa alitutengenezea jukwaa dogo: mbao mbili za plaiwudi zimefungwa juu ya sponji nene ya godoro kuukuu, upana wa kama mita mbili kila upande. Studio nzuri huwa na sakafu inayobonyea kidogo mtu anapotua. Hii yetu inalia kama kitanda cha zamani, lakini haipigi mfupa. Hukaa kwenye paa, tunaifunika kwa turubai mvua ikija. Ufito wake ni bomba la maji lililofungwa kwenye nguzo za kamba za nguo. Mama mwenye nyumba alilalamika, akaonyeshwa video ya onyesho la Agosti, akalegea.

Kurudi kulikuwa polepole. Wiki mbili za kutembea, kisha mazoezi ya kushikilia ufito tu, dakika 20, kisha 30. Kuruka kuliruhusiwa mwisho kabisa, kumi kwa siku. Alikuwa anatamani kudanganya kwenye hesabu, na najua kwa sababu watoto wa ghorofa ya tatu walimripoti.

Kama una miaka 16 na kuna mtu nyumbani anakulipia ndoto yako, najua unavyosikia akitaja bei. Mwulize hesabu nzima. Usiijaze mwenyewe. Na kama una kidonda, kisema hata kama kesho ni odisheni, kwa sababu kuna odisheni nyingine. Kwa wazazi sina la kuwaambia, sijazaa bado.

Mwezi jana alienda tena. Nambari 9. Mama alifunga kibanda siku hiyo, mara ya kwanza kabisa, akaja kukaa nami koridoni na thamosi. Alishangaa jinsi wanavyokaa humo ndani muda mrefu. Aliuliza mara tatu kama kuna choo. Piano ilipoanza alinyamaza, akaweka sikio karibu na ukuta kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana.

Majibu yalikuja kwa baruapepe siku sita baadaye, tukiwa tunakula. Nilisoma mimi. Hakuwa miongoni mwa waliochukuliwa moja kwa moja. Amewekwa mbadala: atahudhuria mazoezi yote, atajifunza sehemu zote, na atacheza iwapo mmoja wao atashindwa.

Mdogo wangu akaweka kijiko chini. Sote tukamtazama Mama.

“Hao mbadala,” akasema, akimwongezea mtoto mboga, “wanapewa fare?”